Nyaraka za taifa: ni kitu gani hasa, kwa nini zimetawanyika, na nani anaruhusiwa kuzisoma

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama katika Makumbusho ya Maji Maji mjini Songea akaomba msamaha kwa yale ambayo watawala wa kikoloni wa nchi yake waliwatendea mababu wa watu waliokuwa wakimsikiliza. Tangu hapo mazungumzo kuhusu vitu vya historia yetu vilivyoko ng'ambo yamepamba moto zaidi: mabaki ya waliouawa, mikuki na ngoma, mifupa ya dinosaria wa Tendaguru iliyoko Berlin, na, pamoja na hivyo vyote, nyaraka. Mmoja anasema nyaraka zetu zirudishwe. Mwingine anajibu kwamba hata zile zilizopo nchini zimefungiwa zisisomwe. Wa tatu anaona ubishi wote ungekwisha kama serikali ingezipiga picha zote na kuziweka kwenye intaneti. Kauli zote tatu zina ukweli ndani yake, lakini kila moja imefungasha pamoja mambo ambayo hayaeleweki mpaka yatenganishwe, na kuyatenganisha ndiyo kazi ya makala haya.

Kumbukumbu, nyaraka na sanduku la bibi

Kila ofisi inapofanya kazi huacha maandishi: barua iliyoingia, jibu lililotoka, daftari la kodi, muhtasari wa kikao, ramani ya mpaka. Hizo ndizo kumbukumbu. Hukaa masjala, ndani ya majalada, kwa kuwa ofisi bado inazihitaji ili iendelee na shughuli zake. Miaka ikipita, nyingi kati yake hupoteza umuhimu, kwani hakuna atakayetaka kujua ofisi fulani iliagiza rimu ngapi za karatasi mwaka 1958. Chache hubaki na thamani ya kudumu, ama kwa sababu zinathibitisha haki ya mtu, ama zinaonyesha namna uamuzi uliogeuza maisha ya watu ulivyofikiwa, ama zinaeleza jambo ambalo halikuandikwa mahali pengine popote. Chache hizo zikishachaguliwa na kuhamishiwa mahali zitakapotunzwa daima, huitwa nyaraka kwa maana ya kitaalamu. Ndiyo sababu chombo cha Tanzania kinachohusika kinaitwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Jina lina maneno mawili kwa kuwa karatasi ileile hupitia hatua mbili za maisha.

Hapa pana jambo linalowashtua wengi: sehemu kubwa ya karatasi za serikali huteketezwa kwa mujibu wa sheria, na ni sawa ziteketezwe. Kutunza kila kitu ni njia ya hakika ya kutokipata unachokitafuta. Kinacholeta wasiwasi ni uteketezaji usio na utaratibu, wa mkuu wa ofisi anayetaka nafasi ya meza nyingine akaamuru stoo isafishwe. Nimewahi kuingia katika ofisi moja ambako majalada ya miaka mingi yalikuwa yamerundikwa sakafuni chini ya bomba linalovuja, yale ya chini yameshikana yakawa kama tofali, na karani akanieleza kwa utulivu kabisa kwamba hayo ni "ya zamani". Hakuna aliyeamua kwamba majalada yale hayana thamani. Yalikuwa yanakufa tu, bila ya mtu yeyote kuulizwa.

Nyaraka si maktaba. Kitabu kikipotea hapa, nakala nyingine ipo kwingine, lakini barua ambayo mzee wa kijiji alimwandikia mkuu wa wilaya ni moja tu duniani. Wala nyaraka si makumbusho, ingawa jengo la Nyaraka za Taifa za Kenya, lililoko Moi Avenue jijini Nairobi na ambalo zamani lilikuwa la Benki ya India, linawapotosha wengi bila kukusudia. Mgeni anapoingia hupokewa na sanaa zilizokusanywa na Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili wa nchi hiyo, hutazama vinyago na mavazi, kisha hutoka akiamini ameziona nyaraka. Majalada yenyewe hajayaona hata moja, kwa kuwa hayo hayatandazwi yatazamwe. Huagizwa, huletwa mezani na husomwa.

Tofauti iliyo kubwa zaidi imo katika mpangilio. Fikiria sanduku la bibi. Ndani yake mna hati ya shamba, cheti cha ndoa, barua za mjomba aliyepelekwa Burma na jeshi la King's African Rifles wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na stakabadhi za kodi. Wajukuu wenye nia njema wanalifungua na kulipanga upya: barua zote huku, stakabadhi zote kule, picha kwenye albamu. Sasa sanduku linapendeza, ila limenyamaza. Stakabadhi ya mwaka 1944 ilikuwa imekunjwa ndani ya barua ya mjomba, na kukaa kwake pale ndiko kulikoonyesha kwamba kodi ya nyumba mwaka ule ililipwa kwa fedha za askari aliyeko vitani. Habari hiyo haikuandikwa kwenye barua wala kwenye stakabadhi, bali ilikuwa katika ukaribu wa karatasi mbili.

Watunza nyaraka duniani kote hufuata kanuni inayotokana na jambo hilo: karatasi za ofisi moja hazichanganywi na za ofisi nyingine, na utaratibu ambao ofisi yenyewe iliupanga haupanguliwi. Msomaji anayeanza huona kero, kwa sababu anataka "kila kitu kuhusu Wangoni" kiwe rafu moja. Hakuna rafu hiyo. Lazima ajiulize kwanza ni ofisi ipi ingekuwa na sababu ya kuandika juu ya jambo analolitafuta, kisha aende kwenye majalada ya ofisi hiyo. Namba za majalada zenyewe zinamwelekeza. Nairobi, jalada linaloanza na PC/COAST lilitoka kwa mkuu wa Jimbo la Pwani, na Dar es Salaam, lenye herufi G mwanzoni ni la utawala wa Kijerumani. Ukizijua herufi hizo umeshapata nusu ya njia.

Kwa nini nyaraka zimetawanyika

Kanuni hiyohiyo inafafanua kwa nini historia ya pwani yetu na ya bara inakutwa katika miji iliyo mbali sana. Chukua barua kongwe kabisa za Kiswahili zinazojulikana, zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu. Haziko Kilwa, wala Dar es Salaam, wala Lisbon. Ziko Goa, nchini India. Anayesikia habari hii mara ya kwanza hudhani pana wizi uliofanyika, lakini maelezo yake ni ya kiofisi tu: barua hizo ziliangukia mikononi mwa Wareno, na Wareno wa Msumbiji walikuwa chini ya mamlaka ya Goa hadi mwaka 1752, kwa hiyo makaratasi yao yalielekea huko. Barua hukaa kwa aliyeipokea. Mtu anayetafuta sauti ya Kilwa ya karne ya 18 inambidi ajue kwanza Goa ilikuwa na kazi gani.

Kwa hiyo, anaposimama mtu akasema "nyaraka zetu zirudishwe", swali la kumuuliza ni: nyaraka zipi, na zilifikaje huko zilipo? Ziko ambazo ziliandikwa ng'ambo na kubaki ng'ambo. Wizara ya Makoloni ya Ujerumani iliyokuwa Berlin ilikuwa na majalada yake kuhusu Afrika Mashariki, yaliyojaa taarifa zilizotumwa na magavana, na yako hadi leo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani chini ya alama R 1001. Hayakuwahi kukaa Dar es Salaam. Ila yamepigwa picha, na mtu aliye na simu anaweza kuyafungua, mradi ajue Kijerumani na avumilie mwandiko wa zamani. Ziko pia zilizonakiliwa: historia ya kale ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu inasomwa leo kutokana na nakala iliyotolewa Zanzibar mwaka 1877 kwa ajili ya John Kirk, balozi wa Uingereza, na nakala hiyo iko British Library mjini London. Hapo suala la kurudisha lina uzito mwingine, maana kilichopo ni nakala, ila ndiyo nakala iliyonusurika.

Halafu ziko ambazo hazikuondoka kabisa. Majalada ya utawala wa Kijerumani yaliyosalia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ambayo mengine yaliteketezwa au kufichwa wakati wa vita, yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Mwaka 2003 yakafuata maandiko na vitabu vya Kiarabu vilivyoko katika Nyaraka za Zanzibar, Kilimani. Wakati tunabishana juu ya Berlin, hazina mbili ambazo dunia nzima imezikiri ziko mwendo wa daladala kutoka mahali tunapobishania. Sisemi hivyo ili kuzima madai ya kurudishiwa. Ninachosema ni kwamba madai hayo yangekuwa na nguvu zaidi kama vyumba vya kusomea vya nyumbani vingejaa wasomaji.

Hata hivyo kuna kundi la mwisho, na hapo neno "zilichukuliwa" ni sahihi kabisa. Mwaka 2009 wazee wa Kenya waliokuwa wameteswa katika kambi za kizuizini enzi za Mau Mau walifungua kesi London dhidi ya serikali ya Uingereza. Katika kesi hiyo wanahistoria waliiambia mahakama kwamba palikuwa na makaratasi yasiyojulikana yaliko. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa nayo: majalada yapatayo 8,800 kutoka makoloni ya zamani 37, yakiwamo takriban 1,500 ya Kenya, yalikuwa yamewekwa Hanslope Park, eneo la serikali lenye ulinzi mkali. Yalisafirishwa hadi Uingereza wakati bendera zilipokuwa zikishushwa. Kenya ilikuwa imeyaomba tangu mwaka 1967.

Namna yalivyochaguliwa inastahili kutazamwa kwa karibu, maana inaeleza nyaraka ni kitu gani kuliko ufafanuzi wowote wa kamusi. Kuanzia mwaka 1961 maofisa wa makoloni waliagizwa wasizikabidhi serikali mpya karatasi ambazo zingeiaibisha Uingereza, au zingewahatarisha polisi, askari na watoa habari wake. Majalada yakagawanywa mafungu mawili: yale yatakayorithiwa na serikali huru, na yale ya siri yaliyopigwa mhuri wenye herufi W, ambayo ofisa Mwafrika hakuruhusiwa kuyagusa. Fungu la kwanza lilisafishwa lisiache dalili kwamba fungu la pili lilikuwepo. Fungu la pili likasafirishwa au likachomwa, na maagizo ya uchomaji yalitaka hata majivu yavunjwevunjwe. Watu wasioamini uwezo wa karatasi hawajisumbui kiasi hicho.

Mwezi Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba itawalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, na ikaeleza masikitiko yake kwa mateso waliyoyapata. Ushahidi wa wazee wenyewe ndio uliokuwa msingi wa kesi, lakini majalada yale yalifanya isiwezekane tena kudai kwamba mateso yalikuwa makosa ya askari wachache. Leo yanasomwa Kew, London, katika hifadhi ya nyaraka ya Uingereza, chini ya alama FCO 141. Mtu wa Nyeri anayetaka kuona alichoandikiwa babu yake anahitaji viza. Hapo hoja ya kurudisha haihitaji kuongezewa chumvi, kwani ziliandikwa Kenya, na serikali ya Kenya, kwa gharama ya walipa kodi wa Kenya.

Miaka 30, na kufuli ambalo halionekani

Sasa kuhusu madai kwamba nyaraka zilizopo nchini zimefichwa. Sheria za Kenya na za Tanzania zimeweka muda wa miaka 30 kabla jalada la serikali halijawa wazi kwa umma, na wengi huusoma muda huo kama njama. Si desturi yetu peke yetu. Uingereza yenyewe ilikuwa na miaka 50, ikaipunguza kuwa 30 kwa sheria ya mwaka 1967, na kuanzia mwaka 2013 ikaishusha hatua kwa hatua hadi 20. Lengo ni kumwezesha ofisa aandike ushauri wa kweli bila hofu ya kusomwa kesho, na kuwapa hifadhi watu binafsi wanaotajwa humo. Jalada la shauri la mirathi au la mgonjwa lina majina ya watu ambao watoto wao bado wanaishi mtaa uleule. Mtu anaweza kudai kwamba miaka 30 ni mingi, na mimi ni mmoja wao, lakini kudai muda upunguzwe si sawa na kusema hakuna haja ya muda wowote.

Kwa taarifa za karibuni ipo njia nyingine. Kenya na Tanzania zote zina sheria ya haki ya kupata taarifa, zote za mwaka 2016, na sheria hizo zinahusu kile ambacho ofisi inacho sasa. Anayechanganya sheria hizo na ile ya nyaraka hujikuta akibisha hodi mlango usio wake.

Kufuli lenyewe linalowazuia wasomaji wengi ni jingine, na halizungumzwi. Ni ukosefu wa orodha. Jalada linaweza kuwa limetimiza miaka 40, limehamishwa salama, limewekwa kwenye boksi zuri, na bado lisisomeke na mtu yeyote kwa sababu hakuna daftari linalosema lipo. Kuorodhesha ni kazi ya mikono na macho: mtunza nyaraka hulifungua kila jalada, huandika namba yake, kichwa chake, mwaka lilipoanza na lilipofungwa, ofisi lilikotoka, na hali ya karatasi. Kazi hiyo haipigwi picha magazetini, haizinduliwi kwa kukata utepe, na ndiyo sehemu ya bajeti inayopunguzwa kwanza. Ningepewa nafasi ya kuomba jambo moja kwa wanaopanga fedha za umma, nisingeomba jengo jipya wala mashine. Ningeomba waajiriwe waorodheshaji.

Kwa mwananchi, njia yenyewe si ngumu kama inavyodhaniwa. Unafika na kitambulisho na, kwa utafiti rasmi, kibali kinachotakiwa, unaeleza unachotafuta, unapewa orodha uzipitie, unajaza fomu ya kuagiza, jalada linaletwa. Kalamu ya wino hairuhusiwi, penseli ndiyo inayotumika. Na kinyume na picha za filamu, glavu nyeupe si lazima kwa karatasi. Vidole vilivyovikwa kitambaa havihisi ukingo wa ukurasa na huuchana kwa urahisi. Mikono iliyonawa na kukauka vizuri ndiyo bora, na glavu huvaliwa mtu anaposhika picha zilizopigwa kwa kamera.

Tuseme basi uko Upanga, katika chumba cha kusomea cha Nyaraka za Taifa, na umeletewa jalada la ofisi ya wilaya la enzi za Waingereza kuhusu kodi. Usilianze kwa haraka. Juu ya jalada pana kichwa cha habari na namba, na mara nyingi namba ya zamani iliyokatwa kwa mstari, inayokuonyesha kwamba karatasi hizi zimewahi kuhama masjala. Ndani, kila barua imepewa namba ya mkono kwenye kona. Ukiruka kutoka 14 hadi 17 umeshajua kitu: barua mbili hazipo, na ziliwahi kuwepo. Pini imeacha alama ya kutu yenye umbo lake. Kisha madokezo yanaanza kuzungumza: Bwana Shauri, yaani ofisa wa wilaya, anapendekeza kodi isamehewe mwaka huu kwa sababu ya njaa, mkuu wa jimbo anaandika pembeni mstari mmoja wa kukataa, na karatasi ya tatu, kwa Kiswahili chenye herufi zilizosimama wima kama za mwanafunzi, ni barua ya jumbe anayewaombea watu wake. Kitabu cha historia kingekupa tarehe ya njaa. Jalada linakuonyesha nani alijua, alijua lini, na alifanya nini baada ya kujua.

Barua ya jumbe inafika mara chache, na hili ni pungufu ambalo lazima lisemwe. Majalada mengi ya kikoloni ni sauti ya mtawala akijiandikia mwenyewe. Yanaita uasi kile ambacho watu waliita vita, yanakosea majina, na wanawake hawaonekani humo isipokuwa wanapokuwa na kesi. Mwanafunzi makini huyasoma kama anavyomsikiliza shahidi mwenye maslahi yake: hamtupilii mbali, ila hamwamini peke yake. Ndiyo maana mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliendesha mradi wa utafiti wa Maji Maji, wanafunzi wakaenda wilayani kuwahoji wazee waliokuwa bado na kumbukumbu za vita vile vya 1905 hadi 1907. Wazee wale hawapo tena. Maneno yao yaliyoandikwa wakati ule yamekuwa nyaraka kwa haki yake yenyewe, na bila hayo tungekuwa tunaisoma vita ile kwa macho ya ofisa wa boma pekee.

"Si waziweke tu mtandaoni?"

Pendekezo hili linatoka moyoni, na kwa sehemu ni sahihi. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioshuka kutoka mlimani uliunguza maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town, na sehemu kubwa ya vitabu na filamu za masomo ya Afrika ikateketea; kati ya vilivyoungua, vilivyokuwa vimekwisha kunakiliwa kidijitali ndivyo vinavyosomeka leo. Huko Lamu, maandiko ya Msikiti wa Riyadha yamepigwa picha kwa msaada wa mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na maandiko yenyewe yakabaki Lamu, mikononi mwa wenyewe. Huo ni mfano ninaoupenda kuliko wowote, kwa sababu picha ilisafiri na mali ikabaki.

Lakini kupiga picha si kutunza, na wala si kushirikisha umma. Picha elfu kumi zilizoitwa IMG_0001 hadi IMG_10000 ni msitu. Bila ile orodha niliyoitaja, msomaji hapati kitu, awe Mtwara au Marekani. Tena karatasi, pamoja na maadui zake wote wa mchwa, unyevu na panya, ina uvumilivu ambao faili la kompyuta halina. Barua ya mwaka 1906 unaisoma kwa macho yako na mwanga wa dirisha. Jaribu kusoma flopi ya mwaka 1996. Nakala ya kidijitali inadai kutazamwa kila baada ya miaka michache, kuhamishiwa kwenye diski mpya na muundo mpya, na kuwekwa mahali zaidi ya pamoja, milele. Ni kama mifugo na si kama samani, kwa kuwa lazima mtu aichunge kila siku. Fedha za mradi zikiisha na mchungaji akaondoka, miaka kumi baadaye hakuna picha wala, kama asili ilitupwa kwa imani kwamba "tumeshaskani", karatasi.

Kuna pia nyaraka ambazo sidhani zinafaa kumwagwa mtandaoni hata kama sheria inaruhusu. Zanzibar zimehifadhiwa kumbukumbu zinazohusu wakfu, mirathi na watu walioachiwa huru baada ya hadhi ya kisheria ya utumwa kufutwa mwaka 1897. Kwa mtafiti anayekaa nazo na kuzisoma kwa utaratibu ni chemchemi. Jina moja lililonyofolewa humo na kusambazwa kwenye simu linaweza kuwa silaha dhidi ya familia ya jirani. Chumba cha kusomea kina faida ambayo skrini haina: kinakulazimisha kulisoma jalada zima, pamoja na yale yanayolizunguka.

Njia ya mjukuu

Turudi basi Songea tulikoanzia, tuseme kwa mjukuu wa mmoja wa Wangoni walionyongwa huko tarehe 27 Februari 1906, anayetaka kujua kilichotokea. Hatafuti "faili la babu", kwa kuwa hakuna ofisi iliyomfungulia babu faili. Anaanza Dar es Salaam na majalada yenye herufi G, aone kituo cha Songea kiliripoti nini kwa gavana. Anafungua R 1001 ya Berlin kwa simu yake, aone gavana naye aliwaeleza nini wakubwa zake, na mara nyingi tofauti kati ya taarifa hizo mbili ndiyo habari yenyewe. Anauliza Peramiho, ambako Wabenediktini wapo tangu mwaka 1898 na ambao nao walikuwa na tabia ya kuandika. Anasoma vitabu vya wilaya ambavyo Waingereza walivianzisha baadaye na ambamo nasaba za watemi ziliandikwa kama zilivyosimuliwa. Anatafuta karatasi za mradi wa 1968, aone kama mzee wa kijiji chao alihojiwa.

Kisha anarudi nyumbani kwa shangazi yake mwenye umri mkubwa kuliko wote katika ukoo, anawasha kinasa sauti cha simu, na kabla ya swali la kwanza anatamka kwa sauti jina la shangazi, jina lake mwenyewe, kijiji walipo na tarehe ya siku hiyo. Akimaliza anaandika mambo hayohayo kwenye karatasi, anaongeza aliyemsimulia shangazi habari hizo ni nani, na anapeleka nakala ya sauti pamoja na karatasi hiyo mahali zitakapopewa namba.